Sauti ya Mwanaume Kwenye Simu ya Winchi

"Haloo."

Fundi alishtuka. Akaiondoa simu sikioni, akaitazama. Jina lilikuwa lilelile, Winchi Wangu, na picha ya mchumba wake akiwa na chuma begani. Lakini aliyepokea alikuwa mwanaume. Tena si mwanaume wa kubabaisha, mwanaume mwenye besi yake.

"Wewe nani?"

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nakuuliza wewe! Mpe mwenye simu!"

Simu ikakatwa. Hata mate hajameza, ujumbe ukaingia.

"Samahani mpenzi, nilibonyeza vibaya. Bado nina mafua, koo limekauka. Tuandikiane tu. Nakupenda."

Mafua gani hayo yasiyosikia dawa? Tangu wapange tarehe ya harusi, Winchi hapokei simu. Wakionana amejifunga skafu mpaka mdomoni, ananong'ona maneno mawili, kisha huyo, kakimbilia mazoezini. Alikuwa mnyanyua vyuma, na jina la Winchi majirani walimpa siku alipobeba peke yake friji lililowashinda wanaume ngazini.

Dada yake Fundi, aliyekuwa akishona foronya za makochi pale karakana, alisimamisha cherehani.

"Nimeisikia hiyo besi mpaka huku," alisema.

"Dada, usianze."

"Sianzi, namalizia. Mwanamke asiyepokea simu, kuna anayempokelea."

Fundi akaliacha kochi likiwa halina mgongo, akashika njia.

"Wewe! Hiyo nyundo iache hapa!" dada alimpigia kelele. "Nenda na macho tu, mdogo wangu!"

Akaitupa. Alivuka barabara bila kuangalia magari, akapanda ngazi za jengo la Winchi mbili mbili. Mlangoni akasimama, akatega sikio.

"Sitaki ajue," ile besi ilikuwa inasema ndani. "Akijua, harusi hakuna. Tuvumilie mpaka Jumamosi."

Damu ilimpanda Fundi. Akausukuma mlango kwa bega.

Winchi alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu mkononi. Alipomwona alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Yuko wapi?"

Winchi akatikisa kichwa.

"Nimemsikia kwa masikio yangu! Yuko wapi?"

Fundi akainama chini ya kitanda. Akavuta mapazia. Akafungua kabati, akazipangua gauni. Akafunua mpaka pipa la maji, utadhani mgoni wake alikuwa samaki.

"Atoke! Kama ni mwanaume kweli, atoke!"

"Hakuna mtu," besi ikasema nyuma yake.

Akageuka kwa ngumi. Hapakuwa na mwingine ila Winchi, machozi yanamtiririka, skafu imemwangukia miguuni.

"Hakuna mtu, mpenzi. Ni mimi."

Fundi alishusha ngumi, akakaa kitandani.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Ni mimi. Ndiyo sauti yangu sasa."

Fundi akacheka. Hakujua kwa nini anacheka. Hawara hayupo, alipaswa kushukuru, lakini mwili ulikuwa unamsisimka kwa woga. Midomo ilikuwa ya Winchi, macho ya Winchi, ila sauti ilitoka kama ya mtu aliyejificha ndani yake.

"Umekula nini wewe?"

"Sikula. Nachoma sindano. Homoni za kiume, za kuongeza misuli. Kocha ndiye anayezileta."

"Nani alikuambia unahitaji?"

"Kila mwaka nakuwa wa pili. Wewe hujui kuwa wa pili kila mwaka kukoje. Nilitaka niolewe nikiwa bingwa."

"Mimi nilikuomba ubingwa?"

"Hukuniomba. Nilijiomba mwenyewe."

Fundi akaiokota skafu sakafuni. Akajikuta anauliza jambo ambalo hata hakulipanga.

"Na siku ya harusi, ukiulizwa kama umenikubali, ungejibuje?"

"Ningenong'ona."

Simu ya Winchi ikaita. Kocha. Fundi akaipora, akaiweka sauti ya nje.

"Mbona umekata tukiwa tunaongea? Ya leo umechoma?" Kocha aliuliza. "Na hayo mambo ya moyo kudunda usikubali yakutishe. Moyo nao ni msuli, mama. Ukikua ndiyo raha, ndiyo nguvu zenyewe hizo!"

"Moyo gani unaodunda?" Fundi aliuliza.

"Aa... shemeji. Kumbe upo."

"Nipo. Moyo gani?"

Kocha akakata.

Fundi akamgeukia mchumba wake. Winchi alikuwa anaitazama sakafu.

"Nikilala chali unakwenda mbio," alisema. "Na hizi ngazi, siku hizi nakaa katikati kwanza, napumua."

"Wewe unayebeba friji?"

"Friji nabeba. Ngazi ndizo zinanishinda."

Jambo hilo lilimchanganya Fundi kuliko hata sauti. Mtu anabeba chuma cha kuvunja mgongo wa punda, halafu ngazi za kwake zinamkalisha chini?

"Twende hospitali."

"Jumamosi nashindana. Baada ya hapo popote utakaponipeleka nitakwenda." Winchi akabeba begi lake la mazoezi.

Fundi akauziba mlango kwa mwili wake.

"Hupiti."

"Toka, mpenzi."

"Sitoki."

Winchi akaweka begi chini. Akamshika kiunoni, akamwinua kama mto wa kochi, akamkalisha juu ya meza. Fundi alibaki pale miguu inaning'inia, mwanaume mzima, haya zimemjaa.

"Nisamehe," Winchi alisema, akaelekea mlangoni.

Hakufika nje. Alishika kizingiti, akageuka, midomo imempauka.

"Mpenzi... sioni."

Akaanza kuporomoka. Fundi aliruka kutoka mezani, akamdaka kichwa kisigonge sakafu, akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unakimbia, unasita, unakimbia tena.

"Jamani! Majirani! Nisaidieni!"

Kumbeba peke yake hakuweza. Walimteremsha wanaume wanne, wanapokezana.

Hospitali, daktari wa moyo alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alimpaka Winchi mafuta kifuani, akapitisha kile kifaa chao cha kupiga picha ya moyo, kisha akamwonyesha Fundi kwenye kioo.

"Hizi ni kuta za moyo wake. Unaona zilivyonenepa? Moyo ukiwa hivi unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Na presha yake iko juu sana kwa umri huu."

"Lakini kocha wake anasema moyo ni msuli, ukikua ndiyo nguvu."

"Mkono ukinenepa utanunua shati kubwa. Moyo unenepee wapi?" Daktari akafuta kifaa chake. "Mazoezi huukuza kidogo bila kuudhuru. Hizo sindano ndizo zimeufikisha hapa."

"Akiacha atapona?"

"Akiacha, akinywa dawa, akifuata kliniki, anaweza kupata nafuu kubwa. Kurudi sawasawa na zamani siwezi kukuahidi. Asipoacha, ipo siku ataanguka chini ya chuma, na hiyo siku mimi sitakuwa na la kufanya."

"Na sauti?"

"Hiyo msiisubiri sana, baba."

Fundi alitoka, akasimama kwenye korido. Simu ikaita, dada.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata."

"Ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe nani? Mbona unanichanganya?"

Fundi akamweleza.

"Dada, nikuambie ukweli? Angekuwa mwanaume ingekuwa nafuu. Mwanaume ningempiga. Sasa hapa nimpige nani?"

"Harusi ipo au haipo?"

"Sijui."

"Unampenda?"

"Nampenda. Lakini nikimsikia akiongea naangaza kumtafuta mwenye sauti. Sijui, dada. Kichwa changu hakina mwenyewe."

"Basi rudi ndani ukakae naye. Kuchanganyikiwa hata ukiwa umekaa kunawezekana."

Alirudi. Winchi alikuwa kitandani, waya zimebandikwa kifuani, simu mkononi. Akamnyooshea asome. Ulikuwa ujumbe wa Kocha.

"Usiwasikilize hao. Jumamosi ndiyo siku yako. Ukiacha sasa umeutupa mwaka mzima, na mimi umenidhalilisha."

Fundi akairudisha simu.

"Hunikatazi?" Winchi alinong'ona.

"Nilikukataza nikaishia juu ya meza. Nina hofu utakufa, hilo ndilo ninalolijua. Mengine yote yamenivuruga."

Winchi aliishika simu kwa muda. Kisha akaisogeza mdomoni, akabonyeza, akarekodi kwa sauti yake yote. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kutazama ni mwanaume gani ameingia wodini.

"Kocha, Jumamosi sipandi jukwaani. Wala Jumamosi nyingine. Sindano zako zimebaki chumbani, usizifuate, nazipeleka kwa daktari aone ulikuwa unanipa nini."

Akatuma. Kisha akaanza kulia, kwikwi nzito zilizomfanya Fundi atamani kuziba masikio na papo hapo atamani kumkumbatia.

"Nilikuwa karibu," Winchi alisema. "Mwaka huu ningekuwa wa kwanza."

"Najua."

"Sasa mimi si bingwa, na si yule uliyemchumbia. Kwenye harusi watacheka."

"Watacheka. Dada yangu ndiye atakayeanza."

"Nitajibu hivihivi. Sitanong'ona."

"Jibu hivihivi."

"Kwa hiyo harusi ipo?"

Fundi alimtazama. Hakuna kilichokuwa kimetulia kichwani mwake. Hata hivyo, mkono wake ulikuwa umeshashika wa Winchi, na hakukumbuka ulishika saa ngapi.

"Ipo," alisema.

"Unaniogopa?"

"Nikufiche nini. Nikifumba macho ukiongea, nakuogopa."

Winchi akayafuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Basi usifumbe," alisema kwa besi yake.

Fundi akavuta kiti, akakaa, akayafumbua macho yote mawili.

"Haya," alisema. "Endelea kuongea."