Mgeni wa Behewa la Mwisho

Harufu ilianzia kwenye begi la kamera. Zaitun alidhani mumewe amesahau humo kipande cha samaki. Akalikung'uta, likadondosha vumbi tu, na uvundo ukabaki sebuleni.

Wapo wanaume wa Kasulu wanaopenda mpira, wapo wanaopenda wake za watu. Hilali, muuza vitenge, alipenda mabehewa. Na kwa kuwa Kasulu haina reli, kila Jumapili alipanda basi hadi Uvinza, akakaa kando ya njia ya treni apige picha treni za mizigo. Watu walimcheka, naye hakujali.

Jumapili ile harufu ilipoanzia, treni ilimkuta anakula ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka. Nyuma ya behewa la mwisho alikaa mtu, miguu inaning'inia. Hilali alilelewa vizuri, na anayekula humkaribisha anayepita. "Karibu chakula!" akasema, akapiga picha. Yule mtu akaitikia kwa kichwa. Kwenye picha hakuonekana.

Tangu hapo Adija, binti yao wa miaka mitatu, alikula bila kushiba. Wali ulipungua upande wa sahani asikokaa mtu, na ukingoni ukabaki utelezi wa kijani wenye nywele fupifupi. Mtoto alikonda akabaki mbavu, na mchana mmoja Hilali alipoinama kumfuta kinywa aliona, nyuma ya ulimi mdogo wa bintiye, ulimi mwingine, mpana, mweusi, wenye magamba, ukijinyoosha taratibu kulamba chembe za wali kwenye kidole chake, akatapika palepale mkekani, na kabla hajapata kitambaa matapishi yakaanza kupungua kutoka pembeni, yakilambwa na kitu asichokiona, kwa sauti ya paka anayekunywa maziwa.

"Zaitun," alinong'ona, "mtoe mtoto humu."

"Nimpeleke wapi, baba Adija? Kimo ndani yake."

Wakampeleka kijijini Muyama kwa Bibi Yusta, mganga. Alimsikiliza Hilali mpaka mwisho, kisha akashusha sauti.

"Ulimwita mwenyewe. Mgeni hafukuzwi, mwana wanje, mwanangu. Kula naye sahani moja, kisha umsindikize alikotoka. Usizibe pua, usiteme. Akiona unamwonea kinyaa atanuna, na akinuna atakaa kwa mtoto mpaka amalize."

"Tule nini, bibi?"

"Anachopenda yeye."

Jumapili iliyofuata abiria wote wa basi la Uvinza walifungua madirisha. Kando ya reli, Zaitun akiwa amempakata Adija, Hilali alifunua sufuria ya matumbo ya samaki yaliyovunda wiki nzima jikoni kwake, akanawa, akasema karibu. Matumbo yakaanza kupungua upande wa pili. Naye akachota, funza wakimpanda vidoleni, akaweka mdomoni kitu baridi kilichopasuka ulimini na kumwaga maji machungu, na koo likakataa, akatazama mbavu za mwanawe, akameza, akachota tena, akameza, machozi yakimtiririka na uso ukitabasamu kama wa mwenyeji mwema, hadi sufuria ikawa tupu.

Kisha mkono wenye utelezi ukaingia ndani ya mkono wake. Akausindikiza hadi relini. Treni ya mizigo ilipopunguza mwendo, mkono ukamwachia, na behewa la mwisho likainama kidogo.

"Safari njema, mgeni wetu," akasema Hilali.

Adija akacheua. "Baba, nimeshiba."

Zaitun alilia kwa furaha njia nzima. Mtoto akanenepa, nyumba ikanukia udi, na majirani wakarudi kubisha hodi.

Mwezi ukapita. Adhuhuri moja Zaitun alikuta duka halina mtu. Alimtafuta mumewe sokoni, akamwona nyuma ya meza za samaki, amechuchumaa kwenye lundo la takataka, akichambua matumbo polepole na kuweka kando yaliyolainika zaidi.

"Nimejaribu wali, mama Adija," alisema huku akilia, maji ya matumbo yakimtiririka kidevuni. "Wallahi nimejaribu. Haupiti."