Kabati Lililomwita Baba Aisha

Jambo la kwanza lilikuwa unga wa mbao. Badru alilipiga msasa kabati asubuhi nzima, akaufagia unga ukawa kichuguu barazani, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, unga ulikuwa umelowa chepechepe na unanuka usipa, vidagaa vya Ziwa Nyasa. Mvua haikuwa imenyesha mtaani kwao Bondeni kwa wiki mbili, jambo ambalo kwa Kyela lenyewe linatosha kumtisha mtu.

Kabati alilinunua kwenye mnada wa mali chakavu za ofisi moja ya serikali. Mninga mtupu, milango miwili, na mgongoni namba ya rangi nyeupe, ndefu kuliko ya gari. Hati yake ilikuwa na sahihi tano na mihuri mitatu. Penye "Hali ya mali" karani alikuwa ameandika: Bovu, ila halina tatizo.

Tangu mkewe Shamsa afariki, miezi minane nyuma, Badru alikuwa akifufua samani kuukuu pale barazani. Wateja walisema ana mkono mzuri. Yeye alijua tu kwamba nyumba ilikuwa kimya na msasa una kelele.

Juu ya komeo alikuwa amekuta kigingi cha mti mwingine, cheusi, kimepigiliwa kishenzi. Fundi anayejiheshimu haachi kitu kama hicho. Alikichomoa kwa koleo, akakitupa kwenye kopo la misumari, akaziba tundu kwa gundi na unga wa mninga wenyewe. Hata ukitazama kwa karibu, huoni.

Siku ya pili baada ya adhuhuri, jua likiwa utosini, kabati lilikohoa.

"Baba Aisha," likasema, "umekula?"

Ilikuwa sauti ya Shamsa, na ule mkwaruzo wake wa kuamka usingizini. Mwenye akili angekimbia. Badru alijibu, "Bado."

Wiki mbili alikaa pale kila mchana mpaka alasiri. Msasa aliusahau. Tusajigwe, jirani aliyekuwa anaanika kokoa ua wa pili, alichungulia juu ya uzio.

"Shemeji, unaongea na nani?"

"Na kabati."

"Ndaga, asante. Nilidhani unaongea peke yako."

Kisha Aisha, binti yake anayefundisha Mbeya, akapiga simu analia.

"Baba, umezifanya nini meseji za mama?"

"Zipi?"

"Za sauti! Nilikuwa nazo kumi na saba. Nikifungua nasikia maji tu. Imebaki moja, ya mwisho kabla hajafariki, ambayo sijawahi kuifungua, na sasa naogopa kuigusa." Akashusha sauti. "Hata kichwani, baba. Maneno yake nayakumbuka. Sauti siikumbuki."

Badru akafungua za kwake kwenye simu. Maji yakipiga mchanga, na nyuma yake, mbali, mtu anameza.

Alikwenda ile ofisi kulirudisha. Ofisa alimsikiliza kwa heshima zote. "Fomu ya kurudisha mali iliyouzwa hatuna, mzee wangu. Kama kuna kiumbe ndani, andika barua, taja jinsia na umri wake, ambatanisha nakala mbili."

Tusajigwe ndiye aliyemleta Bibi Elizabeth kutoka Matema, Mkisi muuza vyungu anayejulikana kwa mengine zaidi ya vyungu. Aliligonga kabati kwa kifundo cha kidole, kama anayepima chungu kina ufa.

"Huyu wa ziwani," alinong'ona. "Sauti hana, ndiyo maana anakula za watu. Nani kang'oa kigingi?"

"Mimi. Kilikuwa kinatia aibu."

"Mafundi nyie! Mlinzi akivaa vibaya mnamfukuza kazi."

"Alizokula zitarudi?"

"Atafungwa nazo humo humo, mwanangu. Utaokoa ile ambayo hajaifikia. Na kesho mchana ataifikia."

Kesho yake asubuhi Aisha alishuka kutoka Mbeya. Alikaa kizingitini, simu ameibana kifuani kwa mikono miwili. Adhuhuri ilipopita, harufu ya usipa ikajaa baraza, Badru akatoboa upya tundu alilokuwa ameliziba vizuri vile, akasimamisha kigingi, akainua nyundo.

"Baba Aisha," kabati likasema taratibu, "unanifanyia nini?"

Akapiga, na sauti ikamwita kwa jina lake la ujana ambalo hakuna aliye hai aliyelijua, akapiga tena, maji yakaanza kuchuruzika chini ya mlango na kumlowesha nyayo, na sauti ikasema humu kuna giza, Badru, humu hakuna nafasi, si uliniambia hutaniacha tena, na Aisha kizingitini akaanza kupiga kelele "Mama! Baba, acha, ni mama!" na Bibi Elizabeth akamziba masikio, na Badru, ambaye miezi minane iliyopita wenzake walimshika mkono akateremka kaburini kumlaza Shamsa, safari hii akiwa peke yake, alipiga mpaka kigingi kikazama na sauti ikakatika katikati ya jina lake.

Maji yakakauka. Wakasubiri mpaka alasiri.

Ndipo Aisha akasogea, wakainamia simu pamoja, akabonyeza. Kelele za soko la Ipinda, mtu ananadi mchele. Halafu Shamsa mwenyewe, anacheka kidogo.

"Aisha? Hivi hii inarekodi? Kuna kitu nilitaka nikwambie wewe na baba yako... Aa, basi. Nitawaambia nikirudi."