Foronya Kumi na Mbili Kwenye Faili la Mama

Uvumi ule ulimkuta Insha asubuhi akifagia darasa, na tangu hapo ukamganda kama gundi kwenye nywele. Aliyeuleta ni msichana wa dawati la mbele, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Wee Insha, umesikia? Mama yako ana karatasi nyekundu kwenye faili lake kule hotelini. Eti ameiba foronya. Kumi na mbili!"

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yangu anapika kulekule. Na ukishaandikwa kwenye faili ndiyo basi tena. Hata ukienda kuomba kazi mwezini, utakuta wameshakusoma."

Insha alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa insha zake zilisomwa mbele ya darasa kila wiki. Maneno hayakuwahi kumpungukia, ila siku hiyo yalimwisha. Alifagia sehemu moja tu mpaka mwalimu akamuuliza kama anachimba kisima.

Mama yake alikuwa dobi wa hoteli kwa miaka tisa. Sasa hoteli ilikuwa inafunga chumba cha kufulia mwisho wa mwezi, mashuka yapelekwe kwa kampuni ya nje. Hospitali iliyo karibu na nyumbani ilitangaza nafasi ya dobi mmoja. Mmoja tu, na waombaji walikuwa wengi. Mama alishaandaa bahasha ya kaki yenye barua ya maombi, cheti cha shule, na picha ambamo alionekana kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Kilichokosekana ni barua ya mwajiri, ile inayoeleza umefanya kazi wapi, muda gani, na vipi.

"Mama, barua umeiomba?"

"Nitaiomba kesho, mwanangu."

Kesho hiyo ilikuja mara nne. Siku ya tano Insha alipouliza tena, mama alikoroga kwa muda mrefu chai ambayo hakuitia sukari, kisha akasema atawaomba hospitali wamwongezee siku. Insha akajisemea moyoni: kumbe ni kweli. Angemuuliza tu, mambo yangeisha palepale. Lakini aliona haya kwa niaba ya mama, na haya ikimkalia mtu kooni hata swali dogo halipiti.

Ijumaa mchana, mama akiwa kazini, Insha alichana karatasi katikati ya daftari, akanoa penseli, akaiacha, akachukua kalamu ya wino. Akajifanya meneja. Akaandika kurasa mbili bila kupumua. Muhuri aliutengeneza kwa kifuniko cha chupa ya soda alichokipaka wino, na chini akatia saini: Meneja Mkuu Sana. Kisha akaisukuma barua ndani ya bahasha ya kaki, chini kabisa.

Jumamosi walikwenda pamoja. Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa na mashine sita zinazonguruma, mvuke hadi darini, na msimamizi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Insha alimpa shikamoo. Mzee akaitikia, akafungua bahasha, akapitia karatasi moja moja. Alipofika ya chini akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema taratibu, "hapa pameandikwa kwamba kwa miaka tisa hujawahi kuugua, kuchoka wala kwenda msalani."

"Mimi?"

"Wewe. Na kwamba ukilikazia doa macho, linatoka lenyewe kwa aibu." Akageuza ukurasa. "Na kwamba wageni hukataa kuondoka hotelini kwa sababu ya mashuka yako, mpaka waitiwe polisi. Halafu meneja wako anamalizia hivi: 'Hadithi yangu inaishia hapo, kwa kuwa muda hautoshi.'"

Wafuaji wawili waliokuwa wakikunja mashuka wakajifunika nyuso kwa mashuka hayohayo. Mabega yao yalitikisika.

Mama alimtazama mzee, akaitazama karatasi yenye mistari ya daftari, kisha polepole akageuka kumtazama bintiye.

"Shikamoo," Insha alisema tena.

"Marahaba kwa mara ya pili," mzee alijibu. "Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Kwa nini, binti?"

Hapo yote yakamwagika kwa mkupuo, machozi na maneno pamoja. "Kwa sababu faili la mama lina karatasi nyekundu, eti kaiba foronya kumi na mbili, na hatapata kazi popote, hata mwezini!"

Mama alishika kiuno. "Foronya? Yesu na Maria! Wewe mtoto, si ungeniuliza?" Akamgeukia msimamizi. "Mzee wangu, zile foronya zilikuwa ndani ya kava la duveti."

Mzee hakungoja maelezo zaidi. Alicheka mpaka miwani ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Kila dobi anajua kwamba kava la duveti, ule mfuko mkubwa wa kuvika blanketi nene, likizunguka ndani ya mashine hufungua mdomo na kumeza kila kilicho kidogo. "Juzi sisi tumetoa humo soksi saba na koti la daktari," alisema. "Daktari mwenyewe alikuwa ameshamshuku muuguzi."

"Basi ndiyo hivyo," mama alisema. "Zilipokosekana, jioni nikapewa barua ya onyo, nikaitia saini bila hata kuisoma. Asubuhi yake foronya zikaonekana zote, tukacheka, kila mtu akarudi kazini."

"Na ile barua ya onyo? Iliondolewa?"

Mama alikunja kona ya bahasha. "Sijui. Sijawahi kuliona faili langu. Naogopa hata kuuliza. Ndiyo maana barua ya mwajiri imenishinda kuiomba."

Mzee aliacha kucheka. Aliinua ile barua ya Insha kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika soksi isiyofuliwa. "Sikilizeni. Habari ya foronya ningeielewa kwa dakika moja. Hii ningeipeleka ofisini bila kuisoma vizuri, mama, ungeitwa mghushi, na hapo hata mimi nisingeweza kukutetea. Nafasi naishikilia mpaka Jumatano. Nenda hotelini, omba kuona karatasi zinazokuhusu. Kama kuna lisilo la kweli, andika maelezo yako nayo yawekwe humohumo. Ni haki yako, wala si fadhila."

Barua akamrudishia Insha. Insha akaichana mwenyewe, vipande vidogo vidogo.

Walipofika mlangoni kwao mama akasema, "Kumbe mimi doa linanionea aibu," akacheka peke yake, kisha akamkumbatia, kisha akampa adhabu ya vyombo wiki mbili.

Jumatatu baada ya shule waliingia ofisi ya utumishi ya hoteli. Ofisa alikuwa dada mwenye kucha ndefu, amezungukwa na mafaili kama mtu aliyejenga ukuta.

"Faili ni mali ya ofisi," alisema bila kuinua kichwa.

Mama alibaki amesimama palepale. "Sitaki kuondoka nalo, dada. Naomba kuyaona yaliyoandikwa juu yangu. Kama kuna kosa, niandike maelezo yangu."

Ofisa aliinua kichwa. Akavuta kijitabu cha kanuni za wafanyakazi, akapitisha ukucha kwenye mistari, akakohoa. "Sawa. Kanuni inaruhusu. Ila hakuna anayewahi kuuliza."

Faili lilikuwa jembamba kama chapati ya mwisho wa unga. Ndani mlikuwa na barua ya kuajiriwa, fomu za likizo, na barua ya onyo. Nyeupe.

"Nyekundu iko wapi?" Insha alinong'ona.

"Nyekundu gani?" ofisa aliuliza. "Hatujawahi kununua karatasi nyekundu."

Lakini maneno yalikuwepo: foronya kumi na mbili zimepotea mikononi mwa mfanyakazi huyu. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema zilipatikana. Miezi minane onyo lile lilikaa humo.

Mama akasema, Insha akaandika.

"Niweke 'kwa uchungu usiosemeka'?"

"Usiweke uchungu. Andika tarehe. Andika zilipatikana ndani ya kava la duveti. Andika nani alikuwepo."

Ikawa mistari minne. Mama akatia saini yake. Mwendesha mashine aliyekuwepo siku ile akaitwa, akatia yake. Ofisa akaleta daftari la mashuka: kweli, asubuhi ile foronya zilihesabiwa zikatimia. Akapeleka karatasi kwa meneja, akarudi nayo, juu ya onyo pameandikwa "limefutwa", tarehe na saini. Kisha akapiga barua ya mwajiri: amefanya kazi ya udobi hapa miaka tisa, kazi inamalizika kwa sababu idara inafungwa, hana onyo.

"Ni hayo tu?" Insha aliuliza, amenyong'onyea. "Hakuna hata sifa moja?"

"Ni hayo tu," mama alijibu, "na kila neno naweza kulisema mbele ya mtu yeyote."

Jumatano msimamizi alisoma barua ile, akapiga simu hotelini, akasikia yaleyale yaliyoandikwa. Akamuuliza mama, "Unaanza tarehe moja, au kwanza unataka kwenda msalani?"

Jioni hiyo mama alimwita Insha mezani. "Umeniandikia uongo kwa sababu unanipenda, najua. Lakini uongo wa mapenzi nao ni uongo, na ulikaribia kunilia kazi. Na mimi nilinyamaza kwa sababu ya woga, nao woga ulikaribia kunilia kazi hiyohiyo. Chukua kalamu. Andika mambo ya kuepuka, tubandike kwenye kabati."

Hivi ndivyo alivyoandika:

Usimwandikie mtu barua ya kazi kwa jina la mtu mwingine, hata kama ni mama yako.

Usiamini habari za faili kutoka kwa mtu ambaye hajaliona.

Usione haya kumuuliza mzazi.

Usitie saini onyo usilolielewa. Soma kwanza, uliza, omba nakala.

Usidhani kosa likichekwa kazini limefutika pia kwenye karatasi.

Usipambe maelezo yako. Tarehe, kilichotokea, aliyeshuhudia, basi.

Usisubiri kazi iishe ndipo uulize umeandikwa nini. Uliza ukiwa bado una ufunguo wa kabati lako la kazini.