Kitambaa cha Juu ya Kompyuta

Mtakaocheka, chekeni, ila mje na hoja. Na asiniambie mtu eti ni woga wa kike. Haya yalimpata mwenzangu wa mdahalo, msichana anayebishana hata na kivuli chake.

Alikwenda kwao kutengeneza kompyuta iliyokuwa ikijikokota kama konokono. Ilikuwa ya kaka yake, aliyefariki kwa pumu, na picha zake zote zilibaki humo. Mama yao aliifunika daima kwa kitambaa cha kufuma, hata ikiwa imewashwa.

"Mama, unaikaba! Joto ndilo linaloifanya nzito," alisema, akakiondoa.

"Kaka yako kifua kilimsumbua, mwanangu. Baridi haimfai."

"Mama, hii ni mashine!"

Akafungua kifuniko cha ubavuni, akapangusa vumbi, akaanza kuhamisha picha. Mvua ilikuwa imekitia chumba giza. Feni ya ndani ilivuma kwa shida: inavuta, inakwama, inaachia kwa mluzi mwembamba. Aliujua mluzi ule. Kwa miaka ulikuwa ukimwamsha usiku kupitia ukutani, kutoka chumba cha kaka yake.

Umeme ukakatika kabla hata picha moja haijatoka. Kioo kikawa cheusi. Aligusa feni kwa kidole, akaikuta imesimama kabisa.

Mluzi haukusimama. Ulizidi kuwa mfupi, wa haraka, kama siku ile ya mwisho.

Mama alichukua kitambaa, akaifunika mashine, akakichomeka pembeni kama anayemlaza mtoto.

Chini yake, kitu kikakohoa.