Sauti ya Chini ya Jukwaa

"Hilja, uko peke yako hapo?"

"Saimi? Mbona unahema hivyo? Simu ya daktari si ya kupigia soga, mama mwenye nyumba yuko juu."

"Shoga yangu, wamemkamata Urho!"

Hilja Kangas, aliyefanya kazi za ndani kwa daktari wa mgodi, alikuwa ameshika simu kwa mikono iliyojaa unga.

"Ni akina nani waliomkamata?"

"Serikali. Wamevamia ukumbi tukiwa tunafagia. Wanasema ni Mwekundu, eti amehubiri watu wachome maghala na kuua matajiri. Kesho wanamsikiliza. Akishindwa anapandishwa meli, anarudishwa Ufini."

"Urho? Huyu anayemwomba radhi paka akimkanyaga?"

"Shahidi ni Arvid Lehto. Anadai alimsikia kwa masikio yake."

Majira yale ya baridi ya mwaka 1920, Amerika ilikuwa imeingiwa na kiwewe cha Wekundu, yaani wakomunisti. Bomu likilipuka mji wa mbali, mgeni anavunjiwa mlango huku kwenye migodi ya chuma ya Minnesota. Wafini nao, badala ya kushikana, walikuwa wamegawanyika: wa kanisani huku, wa ukumbi wa wafanyakazi kule, hata kahawa hawanywi meza moja. Mzee Kalle, baba yake Hilja, alikuwa shemasi. Urho Salmela, mchimbaji, alikuwa nyota wa maigizo ya ukumbini. Na Arvid, karani wa mgodi aliyelaza nywele kwa mafuta, ndiye mkwe ambaye mzee alishamchagua.

Sasa hapo palikuwa na siri. Maigizo ya ukumbini huwa na mtu anayekaa kwenye kisanduku chini ya jukwaa, akiwanong'oneza waigizaji maneno wanaposahau. Watazamaji hawamwoni. Tangu vuli mtu huyo alikuwa Hilja, binti wa shemasi, ambaye nyumbani walijua yuko mazoezi ya kwaya. Humo kisandukuni ndimo alimompendea Urho, kijana mwenye sauti tamu na kichwa kisichoshika mstari hata kwa dawa.

Jioni hiyo, mezani, alijikaza.

"Baba, unaamini kweli Urho alisema hayo?"

"Ninaamini ukumbi ule ni wa shetani," mzee Kalle alijibu, macho yakiwa kwenye sahani. "Na siku nikisikia mwanangu amekanyaga mle, ajue hana baba. Kula."

Baadaye Saimi alimletea kijikaratasi kutoka mahabusu: "Hilja wangu, usije. Ukifungua mdomo utapoteza kwenu. Mimi nitasema sijui lolote. Nakupenda."

"Mpumbavu mkubwa!" Hilja alisema, machozi yakimtiririka. "Kusema hajui lolote ndiko kujimaliza."

Kesho yake chumba cha mahojiano kilijaa, wa kanisani upande mmoja, wa ukumbini upande wa pili. Mkaguzi wa uhamiaji alikaa mbele na mkalimani wake. Arvid alikula kiapo, akasimama kifua mbele.

"Alisimama mbele ya umati, Bwana Mkaguzi. Akapiga kelele: 'Chomeni ghala! Bwana huyu asilione jua la kesho!' Watu wakashangilia. Niliyasikia kwa masikio haya."

"Salmela, ulisema maneno hayo?"

Urho aliinamisha kichwa. "Sijui lolote."

"Basi hatuna haja ya kuendelea," mkaguzi alisema, akichukua kalamu.

"Subiri!"

Hilja alikuwa amesimama. Macho ya baba yake aliyahisi mgongoni.

"Hilja, kaa chini!" Urho alimaka.

"Sikai! Bwana Mkaguzi, maneno hayo ni ya igizo. Nayajua kwa sababu ni mimi niliyemnong'oneza. Nilikuwa chini ya jukwaa."

Wa kanisani walimgeukia mzee Kalle.

Arvid alicheka kwa dharau. "Bwana Mkaguzi, hayo ni mapenzi yanaongea. Ule ulikuwa mkutano wa Wekundu."

"Haya, Arvid," Hilja alimkata. "Siku hiyo Urho alivaa nini?"

"Alivaa koti lake la kila siku, basi!"

Upande wa ukumbini uliangua kicheko.

"Alivaa ngozi ya kondoo na ndevu za majani makavu mpaka kitovuni! Basi wewe ulisikilizia dirishani kama mwizi wa kuku, hukuona hata jukwaa!"

Mkaguzi alimtazama Arvid, kisha akamgeukia mshtakiwa.

"Kama ni igizo, tulisikie. Baada ya maneno yale unasema nini?"

Urho alikuna kichwa. Akatazama dari. "Mm... sikumbuki."

"Mchochezi gani huyu asiyekumbuka uchochezi wake?"

Kutoka alipokuwa, Hilja alinong'ona. Shingo ya Urho ikanyooka, sauti ikamtoka:

"'Lakini nikilichoma ghala, Anni, moto utafika chumbani kwako. Nimeshika mwenge mkononi, na mkono wenyewe umekataa.'"

Mkalimani alitafsiri taratibu. Mkaguzi aliweka kalamu chini. Urho alimgeukia Hilja akisubiri mstari wa mwisho, lakini kwikwi ilikuwa imemkaba binti wa watu. Alijaribu. Sauti ikagoma.

Ndipo sauti nzito ikatoka upande wa kanisani:

"'Zimeni mienge. Afadhali niwe mtwana mlangoni kwa Anni kuliko bwana juu ya majivu yake.'"

Mzee Kalle alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Baba?"

"Kule kwetu Ufini, kabla sijaokoka, ndevu zile nilizivaa mimi. Na aliyeigiza Anni alikuwa mama yako. Bwana Mkaguzi, niliyatambua maneno hayo tangu siku Arvid aliponisimulia. Nikanyamaza, maana nilitaka kijana huyu aende zake. Aibu ya leo si ya binti yangu. Ni yangu."

Mkaguzi alilifunga jalada. "Nikimfukuza kila kijana anayebabaika mbele ya msichana, meli hazitatosha. Mwachieni. Wewe karani, baki hapo. Tuna maongezi kuhusu kiapo chako."

Kelele zilizopigwa zilitikisa madirisha! Urho alimbeba Hilja juujuu, mbele ya mashemasi, bila haya.

Nje, kwenye theluji, mzee alimsogelea binti yake.

"Kwaya, eh? Na mimi natembea mji mzima nikijisifu mwanangu anaimba."

"Baba, bado nina baba?"

"Unaye. Mwambie huyo mwenye ndevu za majani aje kunywa kahawa Jumapili."

Walifunga ndoa kiangazi, kanisani. Baada ya ibada ngoma ilikuwa ichezwe ukumbini, na mzee Kalle alishakubali kuingia, kwa sharti la kushika mkono wa bibi harusi. Mchungaji akauliza:

"Urho Salmela, unakubali kumwoa Hilja Kangas?"

Urho akatazama dari. Hilja akamwinamia anong'one. Saimi akajikohoza. Hata mzee Kalle, benchi la mbele, akaanza kuchezesha midomo.

Urho aliinua mkono akawazuia wote.

"Niacheni jamani. Mstari huu naukumbuka. Ndiyo!"