Kerneli ya Marehemu

Mashine kubwa ilichapa kadi ya harusi ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Mjane mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kadi, aliiokota ikiwa bado ina joto. Bwana harusi: marehemu mumewe. Bibi harusi: yeye mwenyewe.

Akaichana vipande vipande. "Nimeshaolewa mara moja, inatosha," akasema.

Mchana huohuo akamwita shemeji yake, fundi wa kompyuta, autazame ule mfumo kuukuu wa kompyuta, Linux, ulioiendesha mashine. Shemeji akasoma kwenye kioo, akaguna.

"Kaka aliizuia kerneli isisasishwe."

"Kerneli ndiyo nini tena?"

"Kiini cha mfumo, shemeji. Ndicho kinachoshika kila kitu humu. Kila toleo jipya huziba matundu yaliyogunduliwa. Hiki hakijazibwa tangu kaka yuko hai."

"Alikizuia makusudi. Mashine haielewani na toleo jipya. Nikisasisha, nitachapa na nini?"

"Na usiposasisha, mlango uko wazi. Anayeingia hapigi hodi."

Spika zikakoroma. Harufu ya udongo mbichi ikatanda dukani, na sauti ya marehemu, ileile yenye kikohozi katikati, ikaita, "Mke wangu."

Shemeji akarudi nyuma hadi ukutani. "Jini," akanong'ona. "Limejipenyeza humo."

"Usiniguse kerneli, mpenzi," sauti ikabembeleza, na papo hapo mashine ikaanza kutema kadi bila kupumzika, zote zenye jina la Mama Kadi, zikimwagika mezani na kujaa sakafuni hadi zikamfikia vifundoni, huku mlango wa bati ukijishusha polepole wenyewe, mwanga wa jua ukibaki mstari mwembamba, na pumzi yenye baridi ya kaburi ikimpapasa shingoni kama mtu anayetafuta pa kumfunga mkufu.

Mama Kadi hakugeuka.

"Mume wangu alikuwa mbishi balaa," akasema. "Hakunibembeleza hata siku aliyoniposa. Wewe umemwibia sauti tu. Shemeji, liondoe hilo zuio!"

"Mimi siisogelei hiyo kompyuta."

"Basi nitajie amri, niandike mwenyewe."

Akatajiwa kwa kunong'ona, akaandika. Kila herufi ilimchoma kidole kama sindano, naye hakuacha. Zuio likatoka, kerneli mpya ikaingia, kompyuta ikazimika na kuwaka tena. Kwenye kioo zikatokea kerneli mbili, mpya na ya zamani. Alama ya kuchagulia ikateleza yenyewe hadi kwenye ya zamani.

"Nichague mimi," sauti ikalia. "Utanizika mara ya pili?"

"Hata mara ya kumi!"

Akairudisha alama kwenye mpya, akabonyeza. Kompyuta ilipowaka, akamwamuru shemeji amtajie namna ya kuifuta ile ya zamani. Akaifuta. Spika zikapiga yowe, kisha kimya, na pumzi ikamtoka shingoni.

Shemeji akaujaribu mtambo. Haukuitika.

"Mashine imekufa, shemeji."

"Ife. Kadi za wateja nitaenda kuchapa kwa jirani."

Akausukuma mlango juu kwa bega, jua likaingia lote. Kisha akakaa kwenye lundo la kadi na, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamlilia mumewe.