Mchumba wa Jumamosi Moja

Adhuhuri ya Jumamosi moja ya Aprili, Léontine alisimama kwenye jukwaa la T-Centralen, kituo kikuu cha treni katika mji mkuu wa Sweden, akimdanganya mama yake kwenye simu. Abiria walimpita pande zote wakiwa na mikoba na mbwa wao, naye aliziba sikio moja kwa kidole, simu ikiwa kwenye sikio la pili. Alikuwa ametoka zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Alivaa koti jeusi na kilemba cha kitenge cha manjano, na juu ya kilemba alikuwa amebandika kofia ya buluu ya timu yake ya besiboli.

Mama yake, Mama Benedicta, alikuwa amepiga kutoka nyumbani kwake mtaa wa Alby. Alitaka binti yake aende kanisani jioni ile akutane na Jean-Bosco, mjane mwenye adabu na gari zuri.

"Siwezi, mama," alisema Léontine. "Niko na mchumba. Tunaenda mechi. Ndiyo, niko naye hapa."

Alipokata simu na kugeuka, alikuta kijana mrefu mwenye suruali ya kazi yenye mistari inayong'aa akijitahidi asicheke.

"Samahani dada," alisema yule kijana kwa Kiswahili cha Tanzania. "Nimemtafuta huyo mchumba jukwaa zima, simwoni."

Léontine alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akacheka mwenyewe. Kijana akajitambulisha: Zakayo, mtu wa Moshi, fundi wa lifti, anabadilisha treni kurudi kwake Hallonbergen kulala baada ya zamu ya usiku. Besiboli hakuwahi kuiona hata kwenye simu. Léontine akamwambia kwamba kwa kuwa ameusikia uongo wake, ni haki aje aufanye nusu kweli; hii ni mechi ya maandalizi tu kabla ya ligi, kiingilio bure. Treni ya njia nyekundu ilipofungua milango, Zakayo akaingia pamoja naye.

Uwanja ulikuwa nyuma ya maghorofa ya Bredäng. Theluji ya kijivu bado ilirundikana kando ya uzio, lakini jua lilikuwa limetoka, na mashabiki walikaa juu ya mablanketi, macho wameyafumba, nyuso wamezielekeza juu. Soseji zilinukia. Léontine alimjua kila mchezaji kwa jina. Alimweleza Zakayo kwamba familia yao ilipokimbia vita kwao Uvira, yeye alisoma Uganda, na shuleni mwalimu mmoja alileta glavu nne na mpira mmoja. Alikuwa mrushaji hodari, yule anayemtupia mpira mpigaji. Mwaka wake wa kwanza Sweden, hajui neno la Kiswidi, alisikia mpira ukigonga gongo nyuma ya maghorofa haya, akaufuata mlio mpaka hapa.

"Gongo?" Zakayo akauliza. "Kwetu gongo inanywewa, na polisi wakikukuta nayo unalala ndani."

"Basi wewe kunywa kahawa. Na mtazame mrushaji begani, siyo mkononi. Bega halidanganyi."

Akatazama bega. Kufikia raundi ya tatu alikuwa amesimama akipiga kelele kuliko wote. Wachezaji walikuwa bado na baridi ya majira yaliyopita vidoleni, mipira rahisi iliwaponyoka, na hakuna aliyejali. Mpira mmoja ukaruka uzio, ukashuka moja kwa moja kwa Zakayo, naye akaudaka kwa mikono mitupu. Uwanja mzima ulimpigia makofi. Léontine alikishika kiganja cha Zakayo kilichokuwa chekundu, akakipuliza taratibu.

Hapo ndipo Mama Benedicta alipopiga simu ya video. Alitaka kumwona mchumba. Léontine akaangua kicheko huku akibabaika, lakini Zakayo alikwisha kuinama mbele ya kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mon fils, mwanangu. Unakuja lini kwangu?"

"Jumapili ijayo, mama. Nitakuja na kaka yangu." Akataja ukoo wake, akampa na namba yake ya simu, na mama akaagana nao akiwa anacheka kwa furaha.

Léontine hakucheka. Miaka miwili iliyopita mwanaume mwingine alimwahidi mama maneno hayohayo. Mama alinunua vitambaa, akatangaza kanisani, akapika. Mwanaume hakutokea.

"Mama yangu si mchezo," alimwambia Zakayo kwa sauti ya chini. "Tafadhali nenda."

Zakayo alijaribu kueleza, akaona macho yake, akaondoka.

Alikuwa kwenye kituo cha treni simu ilipoita. Mama Benedicta aliuliza kama kaka yake anakula samaki. Zakayo alisikia aibu ikimpanda. Akamwambia ukweli wote: kwamba alimjua Léontine saa chache tu zilizopita, kwamba alianza kwa utani, kwamba alipotaja Jumapili utani ulikuwa umeisha lakini hakuwa na haki ya kusema, na sasa amemuumiza.

Mama hakukasirika.

"Nilijua si mchumba," alisema. "Lakini sijamwona mwanangu akicheka vile tangu aje Ulaya. Rudi umwombe msamaha."

Treni ilikuja, ikaondoka bila Zakayo.

Mechi ilikuwa imekwisha, na mashabiki waliruhusiwa kushuka uwanjani kurushiana mipira na wachezaji. Léontine alikuwa katikati, koti ameliweka chini. Zakayo alimwendea, akasimama mbali kidogo.

"Nimemwambia mama ukweli," alisema. "Nisamehe. Nilisema jambo ambalo lilikuwa lako kusema."

"Ukweli gani?"

"Wote. Hata ule kwamba nataka kuja kweli."

Léontine aliuzungusha mpira mkononi. Hakuna mwanaume aliyewahi kumwambia mama yake ukweli. Yule wa zamani alikimbia nao. Akamwashiria Zakayo asogee, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili naye asikie.

"Mama," alisema, "huyu anaitwa Zakayo. Si mchumba wangu. Nimemjua leo, na niko nataka kumjua zaidi. Jumapili tutakuja, mimi na yeye."

Kisha akamvika Zakayo glavu, akarudi nyuma hatua kumi na tano, akamwambia atazame bega.